Kushuka na Kupanda: Jinsi ya Kuzuru Maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills

Mtu anayekwenda kuona maporomoko ya maji huwa amezoea kupanda kwanza, akafika juu amechoka, kisha akarudi kwa wepesi. Maporomoko ya Sheldrick, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, yanakwenda kinyume cha desturi hiyo. Gari hukuacha juu, kwenye upepo na nyasi, nawe ukashuka kwa miguu takriban kilomita mbili mpaka chini ya korongo lenye msitu, ambako maji huanguka kutoka kimo cha mita 21 hivi, yaani urefu wa mnazi mkongwe. Kila hatua unayoshuka kwa raha ni deni utakalolilipa wakati wa kurudi, jua likiwa limepanda, nguo zikiwa zimelowa na chupa ya maji ikikaribia kuisha. Ndiyo maana mwongozo huu unaipanga safari kuanzia mwisho wake: kwanza ujue utapanda saa ngapi na kwa hali gani, kisha mengine yote, tangu saa ya kuamka mpaka aina ya viatu, yafuate hapo.

Vilima vya Shimba viko yapata kilomita 33 kusini mwa Mombasa, na vilele vyake havifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ni vifupi, lakini kwa kuwa vimeinuka karibu na bahari, huzuia pepo zenye unyevu na kuzigeuza ukungu na mvua, hata asubuhi moja unaweza kuondoka Ukunda ukitokwa na jasho na kufika Kwale ukitamani sweta. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, na wengi wanaifahamu kwa ajili ya palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye nchini Kenya amebaki akizaliana porini hapa tu. Jina la maporomoko ni la David Sheldrick, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki.

Mwamba wa vilima hivi unastahili kuelezwa kabla ya njia, kwa sababu ndio unaoamua jinsi ya kuikanyaga njia yenyewe. Ni mchanga uliorundikana na kugandamana ukawa jiwe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Sehemu za juu zina chembe nene zilizochanganyika na vijiwe, mfano wa zege iliyopunjwa saruji, na ukipitisha kiganja juu yake utahisi inakwaruza kama msasa. Mvua ikinyesha juu ya mwamba wa namna hii haiteremki yote kwa haraka. Sehemu kubwa hunywewa, ikakaa ndani, kisha ikatoka polepole kwenye mbavu za mabonde kama chemchemi. Chemchemi za Marere zilizomo humu hifadhini zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu enzi ya ukoloni. Kwa mgeni, tabia hiyo ya mwamba ina faida moja na hatari mbili. Faida ni kwamba maporomoko huendelea kutiririka hata mbuga inapokauka, ingawa kwa sauti ya chini. Hatari ya kwanza ni kwamba jiwe lenye unyevu wa kudumu huota utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Ya pili ni kwamba kingo zake humomonyoka: jiwe unaloliona limeshikamana tangu dunia kuumbwa linaweza kumeguka chini ya uzito wa mtu mmoja aliyesogea mbele apigwe picha.

Wakati wa kwenda

Mvua za masika hunyesha kwa nguvu kuanzia Aprili hadi Juni, na vuli huja Oktoba na Novemba. Katikati ya masika maporomoko huwa na fahari kubwa, lakini barabara za udongo ndani ya hifadhi huwa matope, na mteremko wa mwisho kuelekea bondeni haufai mtu mwenye magoti mabovu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, njia ni kavu na maji ni haba, na joto la kupanda linaumiza. Mimi huchagua Julai na Agosti. Masika yamekwisha punde, mwamba ungali umejaa maji, na upepo wa kusi hupooza jua. Asubuhi za miezi hiyo zinaweza kuwa na ukungu mzito unaofunika nyasi zote, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya kuona wanyama pekee anaweza kunung'unika kidogo mpaka saa tatu.

Kuhusu siku, ukiweza uepuke Jumamosi na sikukuu. Si kwamba patajaa kama ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, bali bwawa lililo chini ya maporomoko ni dogo, na kundi moja la vijana wenye spika ya muziki linatosha kuliharibu korongo zima.

Kufika Kwale

Anayetoka Mombasa mjini ana njia mbili. Ya zamani ni kuvuka kwa feri Likoni, kushika barabara kuu ya Lunga Lunga hadi Kombani, kisha kukata kulia na kupanda mpaka mji wa Kwale. Matatu za Likoni kwenda Kwale zipo mchana kutwa. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia Miritini na kuvuka mikono ya bahari kwa madaraja mpaka kutokea ng'ambo ya kusini bila kugusa feri. Barabara hiyo imewafaa hasa wanaokuja kwa treni ya SGR kutoka Nairobi, kwa sababu kituo cha treni kiko huko huko Miritini na hakuna haja ya kuingia kisiwani. Aliyelala Diani au Ukunda atarudi kaskazini hadi Kombani na kukata kushoto. Wageni wa kutoka Tanga wanaopitia mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga wana bahati zaidi, kwani mabasi ya Mombasa hupita Kombani kabla ya Likoni; mwambie utingo mapema akushushe hapo, maana akisahau utajikuta kwenye foleni ya feri bila sababu.

Kutoka mji wa Kwale mpaka lango kuu ni kilomita chache, na boda boda itakufikisha langoni. Hapo ndipo wengi waliokuja kwa nauli ndogo hukwama. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari, kwa kuwa nyati na tembo hawatofautishi mtalii na mvamizi, na kituo ambako matembezi ya kwenda kwenye maporomoko huanzia kiko ndani, mbali na lango. Unahitaji gari. Kama huna lako, kodi Kwale au Diani kwa nusu siku au siku nzima, na mkubaliane waziwazi na dereva mambo matatu: ada ya gari kuingia hifadhini ni juu ya nani, atakusubiri mpaka saa ngapi, na gari lenyewe lina magurudumu ya namna gani. Siku kavu gari dogo lililoinuka kidogo hupita, lakini baada ya mvua hitaji ni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nimewahi kuongozana na dereva mmoja aliyeapa kwamba gari lake limeshapita kila mahali Shimba. Tulilisukuma sisi abiria, katika matope ya vifundoni, na maporomoko hatukuyaona siku ile.

Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na wala si kwa fedha taslimu langoni. Viwango hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wakaazi na wageni wa nje, na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo viangalie wiki hiyo hiyo ya safari badala ya kutegemea alichokuambia rafiki. Lipa ukiwa mjini au tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, ukiwa na kitambulisho au pasipoti mkononi, na uhifadhi risiti kama picha kwenye simu, kwa sababu mtandao wa vilimani ni wa kubahatisha. Mwenye laini ya M-Pesa hatapata shida. Asiye nayo atumie kadi ya benki, au aombe mwenyeji amlipie.

Kuhesabu saa kinyumenyume

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, huwasindikiza wageni kwenda kwenye maporomoko bila malipo ya ziada, na kwa desturi kundi la kwanza huondoka kituoni saa nne asubuhi na la pili saa nane mchana. Thibitisha langoni siku hiyo, kwani askari ni wachache na kazi zao ni nyingi.

Hesabu sasa kuanzia mwisho. Kundi la saa nane litafika bondeni baada ya karibu saa nzima, likae hapo muda wa kuoga na kupumzika, kisha lianze kupanda alasiri, wakati kivuli kimeshatanda lakini saa za mchana zimebaki chache. Akitokea mmoja wa kuteguka mguu, au tembo wakisimama njiani na kulazimisha kundi lisubiri, giza halitakuwa mbali. Kundi la saa nne lina saa nyingi za kufidia. Zaidi ya hayo, katika korongo lenye miti mirefu, mwanga hufika chini jua linapokaribia utosini. Ndipo maji yanapong'aa na ndipo picha hutoka. Kwa hiyo lenga saa nne, uwe kituoni saa nne kasorobo. Ili uwe kituoni saa hiyo baada ya kuzunguka kwenye nyasi kumtafuta palahala, ambaye huonekana vizuri zaidi asubuhi, inafaa uwe langoni saa kumi na mbili na nusu. Kutoka Mombasa hilo linamaanisha kuondoka gizani. Mimi huona ni heri kulala Kwale, ukaamka na kula mahamri na mbaazi katika mgahawa wa mjini kabla ya kwenda. Mji huu una Waislamu wengi, hivyo katika mwezi wa Ramadhani usitegemee mgahawa wa mchana. Nunua chakula chako usiku.

Utakachovaa na utakachobeba

Viatu kwanza. Vaa raba au viatu vya kamba vyenye soli yenye meno, vilivyokwisha kuuzoea mguu. Ndara ni za msikitini na za ufuoni. Njia hii haina ubaya mkubwa wakati wa kushuka nazo, na hapo ndipo zinapomhadaa mtu, kwani ukanda hukatika wakati wa kupanda, mguu ukiwa umelowa na kidole kikivuta kwa nguvu zote. Suruali ndefu ni bora kuliko kaptula, si kwa ajili ya heshima tu bali kwa ajili ya nyasi zenye kupe, vichaka vyenye miiba, na upupu, ambao ukikugusa utakuwashia siku nzima. Rangi ya nguo ina maana yake pia. Shimba kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Kaki, kijani kilichofifia au rangi ya mchanga hukupunguzia kuumwa. Dawa ya kufukuza mbu haimsumbui sana mbung'o, lakini ipake kwa ajili ya mbu wenyewe.

Maji ya kunywa yasipungue lita moja na nusu kwa kila mtu, na nusu yake iachwe kwa ajili ya kupanda. Mzazi anayemkabidhi mtoto chupa yake mwenyewe ajue kwamba itakuwa tupu kabla ya kufika bondeni. Chupa iwe ya chuma au ya plastiki ngumu inayotumika tena na tena, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi ndani ya hifadhi. Askari wa langoni hawaoni haya kukuomba ufungue begi. Chakula kiwe chepesi na kisichonuka sana: mkate, karanga, viazi vilivyochemshwa. Maembe na machungwa yaache nyumbani au yale mjini, kwani harufu ya matunda huwavuta nyani na kima, na tembo nao wana pua ndefu kwa sababu.

Leso moja au mbili hazizidi. Utajifunika unapobadili nguo, utajifutia maji, utaikalia juu ya jiwe lenye unyevu, na ikibidi utamfungia mtu mguu ulioteguka. Bondeni hakuna chumba cha kubadilishia nguo wala choo. Ya haja yote yamalizwe kituoni. Ongeza mfuko usiopenya maji kwa ajili ya simu, kofia, na nguo moja kavu iliyobaki ndani ya gari.

Njia yenyewe

Matembezi huanzia mahali pa wazi penye upepo, na askari mwenye bunduki hutangulia. Kabla ya kuondoka atatoa maelezo mafupi, na maelezo hayo yanafaa kusikilizwa hata na mtu aliyekuja mara ya kumi: tembeeni kwa mstari mmoja, msimpite, msiachane, msipige kelele, na akisema simameni, simameni. Bunduki ile ni ya mwisho kabisa kutumika. Kinachowalinda wageni ni masikio na pua ya askari, naye hawezi kusikia tawi likivunjika huku nyuma yake watu wanacheka. Ukimwona anasimama kuangalia mavi ya tembo, anapima ni ya saa ngapi. Ukimwona anachota mchanga na kuuachia, anatafuta upepo unakoelekea. Akiamua kwamba kundi lirudi, kundi lirudi, na hakuna faida ya kubishana naye kuhusu ada uliyolipa.

Baada ya nyasi, njia huingia msituni ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa ghala la chini ya ardhi. Joto hupungua, ardhi hulainika, na sauti ya upepo hubaki juu. Vilima hivi vina utajiri wa mimea usio wa kawaida: zaidi ya nusu ya mimea ya Kenya inayohesabiwa kuwa adimu imepatikana humu. Mvule na mbambakofi ni miongoni mwa miti mikubwa ya vilima hivi, na kwenye miteremko yenye mawe humea mtapo, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi uliokataa kurefuka, ambao ukoo wake ni mkongwe kuliko maua yote. Usiung'oe wala usichume mbegu zake. Ni kosa la jinai, na tena mbegu hizo ni sumu. Angalia juu pia. Mbega mwenye mabega meupe hukaa kimya kileleni, na mara nyingi kinachomfichua ni mkia wake mrefu unaoning'inia.

Tazama chini zaidi kuliko juu, hata hivyo. Majani yaliyooza hufunika mizizi, na mizizi yenye unyevu huteleza kama jiwe. Siafu huvuka njia kwa misafara, hasa baada ya mvua. Ruka msafara bila kusimama juu yake, na ukishaanza kuumwa usione aibu kukimbia mbele hatua chache ndipo ujikung'ute. Kadiri unavyoteremka ndivyo njia inavyozidi kuinama, na hapo weka mguu mzima, ukielekeza unyayo kando kidogo badala ya kuutanguliza kwa vidole, na ushike shina la mti ulio hai baada ya kulitazama vizuri. Fimbo ya kutembelea husaidia sana magoti. Ni hapa pia ambapo mtu mwenye moyo dhaifu, mjamzito aliye karibu kujifungua, au mzee anayetegemea mkongojo anapaswa kuamua kama ataendelea, kwa sababu hakuna gari, pikipiki wala punda atakayemtoa bondeni. Kubaki kituoni na kutazama mandhari si aibu.

Sauti utaisikia kabla ya kuona chochote. Mwanzoni hudhaniwa ni upepo, kisha mtu hutambua kwamba haipandi wala haishuki.

Bondeni

Maji hushuka kwenye ukuta wa mwamba uliokatwa kwa matabaka na kuangukia katika bwawa lililozungukwa na mawe na kijani. Kuoga kunaruhusiwa, na baada ya mwendo ule ni vigumu kumkataza mtu. Kabla ya kuingia, simama pembeni dakika chache, jasho likauke, na uangalie rangi ya maji. Yakiwa meupe au ya kahawia hafifu kama chai ya rangi iliyochujwa, kwa sababu ya majani, hakuna neno. Yakianza kugeuka kuwa ya tope, yakileta majani na vijiti vibichi, au sauti ikiongezeka ghafla, toka majini ukasimame mahali palipoinuka hata kama bondeni hakuna tone la mvua, kwa kuwa mvua inaweza kuwa imenyesha kilimani muda uliopita.

Ingia kwa miguu, polepole, ukipapasa. Usiruke wala kupiga mbizi: sakafu ya bwawa ina mchanga mahali pamoja na jiwe lenye ncha mahali pengine, na mafuriko ya kila masika huyahamisha mawe hayo. Usisimame chini kabisa ya maji yanapoangukia, ingawa ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka. Kutoka mita 21, kijiwe cha ukubwa wa kokwa ya embe kinaweza kupasua kichwa, na mwamba huu, kama nilivyosema, humeguka. Usipande ukuta wa pembeni, wala usijaribu kufika kwenye ukingo wa juu. Watoto wasiojua kuogelea waishie kwenye maji ya magotini, wakishikwa mkono na mtu mzima ambaye hapigi picha.

Jambo la kichocho nalo lisemwe bila kificho, kwa kuwa ugonjwa huo umo katika Kaunti ya Kwale. Konokono wanaobeba vijidudu vyake hupenda maji yaliyotulia yenye magugu kuliko maji yanayoanguka kwa kasi, hivyo mahali penye mkondo wa nguvu hatari ni ndogo, lakini vidimbwi vya pembeni na sehemu zenye majani viepukwe. Usikojoe majini, tabia hiyo ndiyo inayouendeleza ugonjwa. Usiyanywe maji hayo pia, hata yakionekana safi kama machozi, kwa kuwa wanyama wanayatumia huko juu. Sabuni na shampuu zibaki mjini.

Kuhusu mavazi ya kuogea, wenyeji wa Kwale, wengi wao Wadigo na Waduruma, ni watu wa staha, na kundi lako litakuwa pamoja na askari na pengine wanafunzi. Fulana na suruali fupi kwa wanaume, na kwa wanawake nguo nyepesi au leso iliyofungwa vizuri, huondoa kero bila kumnyima mtu raha. Nusu saa hadi dakika arobaini na tano bondeni hutosha. Kula sasa, si wakati wa kupanda, kisha okota kila kilicho chako, pamoja na maganda ya mayai na ya karanga, kwa sababu maganda nayo ni taka mahali ambapo hayakumea.

Kupanda

Jikaushe, vaa soksi kavu kama umekuja nazo, na ukaze kamba za viatu. Anza polepole kiasi cha kuonekana mvivu. Kipimo ninachotumia ni maongezi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa, ukikatika katikati, punguza. Mwambie askari amweke mbele yule mwenye kasi ndogo kuliko wote, kwani kundi linaloongozwa na kijana wa riadha hukatika vipande, na kundi lililokatika ndilo linalokutana na nyati vibaya. Kunywa mafunda mawili matatu kila mnaposimama, usingoje kiu. Simameni kivulini kabla ya kutoka msituni, kwa sababu kipande cha mwisho cha nyasi hakina mti, na jua la saa sita hukipiga bila huruma. Mtu akianza kuhisi kizunguzungu, kichefuchefu, au ngozi ikawa ya baridi huku anatoka jasho, aketishwe, alowanishwe shingo na kichwa, anyweshwe kidogo kidogo, na kundi zima lingoje.

Juu, askari hatakudai kitu. Ukitaka kumpa chochote kwa hiari yako, mpe mkononi kwa shukrani, bila kumfanya aone haya mbele ya wenzake.

Saa zilizobaki

Ukiwa bado na nguvu, Giriama Point, mahali pa kutazamia mandhari humo hifadhini, hukupa upepo na, siku isiyo na ukungu, ufito wa bahari upande wa mashariki. Makadara, humo humo hifadhini, ni pazuri pa kula na kunyoosha miguu. Hifadhi ya Tembo ya Mwaluganje, upande wa kaskazini, ni ziara nyingine kabisa na ina ada yake. Iliundwa miaka ya 1990 na Wadigo na Waduruma waliokubali mashamba yao yawe mapito ya tembo ili wagawane mapato, na huko hutengenezwa karatasi kutokana na mavi ya tembo. Msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni bora ukatengewa siku yake, kwani mgeni hufungwa kaniki kiunoni na kuongozwa na watu wa kaya wenyewe, na hakuna mtu aliyechoka na matope ya Shimba anayeweza kuwapa usikivu wanaostahili.

Uwe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukifika unakolala, vua nguo zote na utafute kupe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele za watoto. Ukimpata, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio na umvute moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Homa ikikupata ndani ya wiki chache zinazofuata, nenda ukapimwe malaria na umwambie daktari kwamba ulikuwa Kwale na ulioga bondeni. Mkojo ukiwa na damu, hata baada ya miezi miwili mitatu, ni ishara ya kichocho, nacho hutibika kwa vidonge vinavyopatikana katika zahanati nyingi za pwani.